Kabla ya Kumnunulia Kijana Rili ya Kuvulia



Majuma mawili yaliyopita, baada ya sala ya alasiri, dada yangu alinijia barazani akiwa na kitambaa mkononi. Alikifungua, na ndani yake mlikuwa na bangili zake mbili za dhahabu, zile alizovishwa siku ya harusi yake. Akasema, "Kaka, kijana anataka rili. Asema bila ya rili yake mwenyewe hapati nafasi katika mashua inayokwenda kilindini. Kabla sijaziuza hizi nataka unambie: hii si mashine ile ile iliyomkata kakake kidole?"

Swali hilo lilinichoma. Mshipi uliomkata mpwa wangu mkubwa ulitoka katika rili yangu, na mkono ulioikaza breki ya rili hiyo ulikuwa mkono wangu. Nilimwomba dada aniachie siku chache kabla ya kwenda kwa sonara. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomjibu, nami nayaandika kwa kuwa najua si yeye peke yake. Katika miji yetu ya pwani kuna akina mama wengi wanaoombwa na vijana wao fedha za vyombo vya kuvulia, nao hutoa bila ya kujua wanacholipia, kwa kuwa jambo hilo huhesabiwa kuwa la wanaume.

Sisi tuliolelewa upande wa Shimoni na Wasini tuliwakuta baba zetu wakivua kwa mshipi wa mkono. Marehemu mzee wangu alikuwa na nailoni aliyoiviringa kwenye kipande cha ubao, ndoana na chubwi la risasi, basi. Vidole viwili vya mkono wa kulia alivivika vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Samaki mkubwa akila, mzee hakumvuta kwa pupa. Aliuacha mshipi upite baina ya vidole hivyo, akiubana kidogo tu, hata samaki akachoka kwa mbio zake mwenyewe. Samaki akisita, mzee huvuta. Akikimbia tena, huachia tena. Nilimwona akimpandisha ngalawani kolekole aliyemshinda mtoto kwa uzito, kwa nailoni ambayo mimi leo ningeona haya kuifunga. Mkono wake ndio uliokuwa breki.

Rili ni mkono huo uliofanywa wa chuma. Ukilishika hilo umeshika nusu ya elimu yake, na aliyelisahau, kama nilivyolisahau mimi siku ile, hata anunue ya bei gani itamwaibisha.

Rili ni za namna nyingi, lakini tuseme mbili. Iko ambayo bobini yake huzunguka mshipi unapotoka, kama gurudumu la kisima kamba inapoteremka. Hizo ndizo aghalabu huonekana juu ya fito fupi nene za mashua za watalii. Na iko ile waipendayo vijana, ambayo mtu anapotupa chambo bobini yake husimama tuli, mshipi ukatoka kwa mizunguko kupitia ncha ya mbele. Mshipi unaporudi, tao la waya huuzungusha na kuulaza juu ya bobini. Akina mama wanaokaa kwenye cherehani watalielewa jambo hili upesi kuliko waume zao, na si ajabu, maana asili yake ni huko huko kwenye nyuzi. Alfred Holden Illingworth, mwenye viwanda vya kusokota nyuzi huko Bradford, Uingereza, alisajili rili yake ya aina hii mwaka 1905, na husemwa kwamba wazo alilipata kwa kutazama uzi ukichopoka kwenye bobini za kiwandani. Faida yake ni kwamba chambo chepesi hutupwa mbali bila ya mshipi kufanya fundo, na ndiyo sababu kijana anayetaka kutupa chambo bandia kando ya mwamba huchagua hiyo.

Ama breki, hiyo ni rundo la visahani vyembamba lililomo ndani ya bobini, juu yake kuna kitufe kikubwa cha kukaza na kulegeza. Samaki akivuta kuliko kiasi kilichowekwa, visahani huteleza, bobini huzunguka, mshipi hutoka. Visahani vya rili za bei ya chini aghalabu ni vya kitambaa kizito cha sufi. Vya rili za kazi nzito ni vya kaboni, kwa sababu samaki mwenye mbio huleta moto wa msuguano, na kaboni huustahimili. Walakini ubora wa breki hauonekani kwa uzito uliochapishwa juu ya kisanduku. Breki njema ni ile inayoanza kuachia bila ya kushtuka. Mbaya hukwama kidogo, kisha huruka, kisha hukwama tena, na katika kukwama huko ndipo mshipi hukatika au ndoana hunyooka.

Nami sasa nieleze yaliyotokea.

Ilikuwa mwisho wa kusi, miaka kumi na miwili iliyopita. Nilikuwa nimenunua rili mpya, kubwa, inayong'aa, ambayo muuzaji aliniapia kwamba inahimili kilo 20. Tulitoka alfajiri, mimi, mpwa wangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 17, na nahodha. Tukaenda nje kabisa kwenye maji ya kilindi, kwani ndani ya hifadhi ya Kisite kuvua kumekatazwa. Jua lilipopanda ndege wakaonekana wakipiga mbizi, na chini yao jodari. Nikatupa, samaki akala, na mshipi ukaanza kulia.

Jodari si kama kolekole. Kolekole akinaswa hukimbilia mwambani, na mvuvi ana nyakati chache tu za kumzuia asijipitishe katika matumbawe. Nguru hukimbia kwa kasi ya kutisha mara ya kwanza, kisha nguvu zake hupungua. Hatari yake ni meno, na ndiyo maana hutanguliziwa waya. Jodari hushuka. Hushuka moja kwa moja kilindini, kisha huzunguka chini ya mashua kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kinu, na kila mzunguko ni vita upya. Mshipi wangu uliondoka mita mia, ukaondoka mia mbili, na bobini ikaanza kuonekana nyembamba. Nikaingiwa na hofu kwamba utakwisha. Nikaikaza breki. Akaendelea, nikaikaza tena.

Hapo ndipo kosa lilipo, na naomba msomaji alitazame kwa makini, kwa sababu nimewaona wavuvi wa miaka mingi wakilifanya. Bobini ikiwa imejaa, mshipi hutoka mbali na mhimili, na samaki huizungusha kwa wepesi. Kadiri mshipi unavyopungua, ndivyo samaki anavyovuta karibu na mhimili, na ndivyo breki ile ile inavyokuwa nzito, hata kama hakuna aliyeigusa. Mwenye kutaka kujaribu afungue mlango kwa kuusukuma kwenye kitasa, kisha ausukume karibu na bawaba. Chukua bobini iliyojaa yenye upana wa sentimita 7.5, na breki iliyowekwa kilo 8. Mshipi ukitoka hata upana ukabaki sentimita 5, breki imekuwa ya kilo 12. Ongeza juu yake uzito wa mshipi mrefu unaoburutwa na mkondo wa maji. Kwa hivyo wakati ambapo hofu humwambia mvuvi akaze, ndio wakati wa kulegeza.

Mimi nilikaza. Mpwa wangu, akidhani ananisaidia, aliushika mshipi kwa mkono mtupu mbele ya ufito. Ulikuwa mshipi wa kusukwa, mwembamba kama uzi wa kushonea vifungo, nao hukata nyama kama wembe. Uliteleza kidoleni mwake kwa nguvu zote za samaki yule, kisha ukakatika. Tulirudi na kanga iliyolowa damu badala ya jodari. Daktari alikishona kidole, na Mwenyezi Mungu alikihifadhi, lakini hadi leo hakikunjiki sawasawa, na dada yangu hunitazama mikono kila ninapokula kwake. Na yule samaki naye alikwenda na ndoana mdomoni na mita nyingi za mshipi nyuma yake. Hilo pia limenikaa moyoni, kwani kiumbe aliyehalalishwa kwetu tuwe na chakula hakuhalalishwa tumpe adhabu ya bure.

Basi nilipokwenda Mombasa na mpwa wangu mdogo kutafuta rili yake, tulikwenda na mambo hayo. Tuliingia dukani, na muuzaji, kijana mchangamfu, alileta kwanza iliyo kubwa kuliko zote. Akasoma nambari yake kwa fahari: 20000. Wazazi wajue kwamba nambari hizo, 6000, 8000, 14000 na nyinginezo, si kipimo cha nguvu. Ni kipimo cha ukubwa, na kila mtengenezaji hupima kwa namna yake, hivyo 8000 ya huyu yaweza kulingana na 10000 ya yule. Majina makubwa kama Penn la Marekani na Shimano na Daiwa ya Japani yana rili za bei ya chini na za bei inayolingana na pikipiki. Jina peke yake halikwambii umeshika ipi. Wala kubwa zaidi si bora zaidi. Rili nzito juu ya ufito mwepesi humchosha kijana kabla ya samaki kuja, na mtu aliyechoka kwenye mashua inayoyumba ni mtu wa kuanguka baharini.

Nilimwuliza mpwa wangu atavua nini. Akasema nguru zaidi, na kolekole wa wastani kando ya mwamba, na jodari wakija. Kwa kazi hiyo, rili ya kati ya 8000 na 10000 yatosha, ikibeba kama mita 300 za mshipi wa kusukwa unaohimili kilo 22 au 23. Kama angekuwa anawafuata kolekole wakubwa kabisa, mambo yangekuwa mengine. Samaki huyo akikua anaweza kupita kilo 50, na huko Japani mwaka 2006 alivuliwa mmoja wa kilo 72 na ushei. Mwenye kumtaka huyo ndiye anayehitaji rili zile za juu, na mimi sidhani kijana wa miaka 19 aanze naye.

Kisha tukaikagua. Niliibana rili mkononi, nikazungusha mkono wake huku kijana akishikilia bobini isiende. Zilizo na mwili wa plastiki hupinda kidogo, na mwili ukipinda meno ya ndani hayakutani sawa, yakaanza kujila yenyewe kwa yenyewe. Hizo ni za samaki wadogo wa gatini. Yenye mwili wa alumini ilikaa kimya. Mkono wa kuzungushia ulikuwa wa kukazwa kwa kuparafujwa moja kwa moja ndani ya mwili, wenye kirungu kinachojaa kiganja, si kile kitufe chembamba cha kushikwa kwa vidole viwili ambacho huteleza mikono ikilowa. Nikatazama pia kasi: katika hiyo bobini huviringiwa takriban mara tano kwa kila mzunguko mmoja wa mkono. Zipo za mara sita na zaidi, zinazofaa kwa nguru anayependa chambo kinachokwenda mbio, lakini kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo nguvu ya kumnyanyua samaki mzito inavyopungua, kama baiskeli inayopandishwa mlima kwa gia ya tambarare.

Kitu cha mwisho ndicho kidogo kuliko vyote. Kwenye tao la waya pana kapi dogo ambalo mshipi hupita juu yake kila unaporudi. Lazima lizunguke. Likiganda kwa chumvi, mshipi huliwa taratibu mahali pamoja, mvuvi asijue hata siku ya samaki mkubwa. Nalitaja hasa kwa ajili ya zile rili zilizotumika ambazo jamaa zetu walioko Muscat na Dubai hututumia. Nyingi ni njema na ni heri kuliko mpya za ovyo, lakini lisukume kapi kwa kidole kabla ya kushukuru.

Tuliyoichagua haikuwa ya juu wala ya chini. Dada yangu aliuza bangili moja, na ya pili ikarudi kwenye kitambaa.

Kununua kukaisha, kukabaki kufundisha, na hapo sikutaka kumtuma kijana baharini na chombo asichokijua. Kwanza tuliujaza mshipi. Wa kusukwa haushiki vizuri bobini tupu, huteleza wote kwa pamoja kama pete iliyolegea, na mtu akadhani breki imeharibika. Kwa hivyo chini yake huwekwa mizunguko kadhaa ya nailoni. Nao huviringwa kwa kukazwa, mtu wa pili akiubana kwa kitambaa kilicholowa, la sivyo siku ya mvuto mkubwa tabaka za juu zitazama ndani ya zile za chini na kukwama. Mwishoni tukaunga mita chache za nailoni nene, kwa ajili ya mwamba na kwa ajili ya mikono: palipo na nailoni nene ndipo panaposhikwa samaki akiwa ubavuni, tena kwa glavu. Wa kusukwa haushikwi na mtu, awaye yote. Hilo nilimwambia mara tatu, na mara ya tatu nilimwambia akitazama kidole cha kakake.

Breki haipimwi kwa kukisia. Tuliazima mizani ya kuning'iniza kwa muuza samaki jirani, tukaifunga kwenye ncha ya mshipi, kijana akashika ufito kama atakavyoushika baharini, nami nikavuta. Kanuni ni kwamba breki ianze kuachia kwenye robo ya kiasi ambacho mshipi unahimili, na isizidi theluthi. Kwa mshipi wetu tulianza na kilo 6. Kijana alicheka aliposikia, akisema kwenye kisanduku imeandikwa 15. Nikamwambia ajaribu hizo 15. Nilipovuta alisogea hatua mbili mbele, akashika nguzo ya baraza. Hakucheka tena.

Ama namna ya kupigana na samaki, ufito ndio unaonyanyua; rili huokota tu kile kilichopatikana. Unyanyue polepole, kisha uuteremshe huku ukizungusha upesi, kisha unyanyue tena, wala usiusimamishe wima kabisa, maana ufito uliosimama wima huvunjika ncha. Samaki akikimbia, mkono usizungushe. Hili wengi hawalijui. Katika rili ya aina hii, kuzungusha wakati breki inaachia hakumleti samaki hata shubiri moja. Kila mzunguko huusokota mshipi, na baada ya dakika kumi unakuwa kama nywele zisizochanwa. Ngoja. Akisimama, wewe uanze. Ukitaka kuongeza uzito kwa muda mfupi, uiguse bobini kwa kiganja kutoka chini, kama mzee alivyobana mshipi kwa kipande cha tyubu, kisha uondoe. Kitufe kikigeuzwa katika joto la vita ni shida kukirudisha kilipokuwa.

Utunzaji nilimwachia dada, kwa kuwa najua chombo kilichowekwa chini ya jicho lake hakiozi. Rili ikirudi, breki hukazwa kwanza ili maji yasiingie kwenye visahani, kisha huoshwa kwa maji baridi ya kunyunyiza, si ya kupiga kwa nguvu, kwani hayo huisukuma chumvi ndani, wala haitumbukizwi kwenye ndoo. Hupanguswa kwa kitambaa kikavu, kapi likatiwa tone la mafuta mepesi. Kisha breki hulegezwa kabisa kabla ya kuwekwa, kwani visahani vikilala siku nyingi vimebanwa hunata, na siku ya kuvua ndipo huanza ule mshtuko niliousema.

Jioni ile, kabla ya magharibi, dada alitoka barazani akaichukua mwenyewe ncha ya mshipi, ile ya nailoni nene, akajizungushia leso kiganjani na kuibana. "Nataka kuona inavyoachia," akasema. Kijana akasimama mlangoni na ufito. Mama akaondoka kwa mwendo wake kuelekea kichochoroni, mshipi ukimfuata, watoto wa jirani wakamfuata nyuma kwa vicheko. Rili ililia kwa sauti nyororo, haikushtuka. Alipofika kwenye kona akasimama ghafla, kisha akakimbia hatua tano, kama ambaye mwanawe amemfundisha samaki anafanyaje. Kijana hakuzungusha. Alingoja.

"Punguza kidogo," dada akaita kutoka huko. Kijana akakigusa kitufe. Akavuta tena, akanyamaza, akavuta mara ya pili.

"Hapo," akasema. "Iache hapo hapo."

Akarudi akiuzungusha mshipi kiganjani juu ya leso, akamkabidhi mwanawe, akaingia ndani kutia udhu.